Leso Moja Nyumbani, Moja Garini

Nyumbani kwetu Likoni, mahamri ya kununua yalikuwa habari mbaya. Siku za kawaida Mama alikanda unga mwenyewe usiku, na alfajiri nyumba nzima ikanukia iliki. Lakini kulikuwa na asubuhi ambazo Baba alirudi kutoka zamu ya usiku, akavua viatu barazani, akapita moja kwa moja hadi kwenye mfereji wa uani na kujisugua mikono kwa sabuni ya kipande mpaka kwenye viwiko. Mama alimtazama usoni mara moja tu. Akiuona uso ule, hakumwuliza kitu. Alitupa shilingi na kutuambia twende sote, wakubwa kwa wadogo, tukanunue mahamri na mbaazi kwa jirani, tena tusiwe na haraka ya kurudi. Unga wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kuumuka ndani ya bakuli, na tuliuona. Hakuna aliyetuambia, lakini tulijua kwamba usiku ule kuna mtu aliyemfia Baba njiani.

Baba yangu alifanya kazi kwenye gari la wagonjwa kwa miaka 29. Alianza mwaka 1977 akiwa dereva, akahamia nyuma ya gari kwa sababu hakuweza kuvumilia kusikia mtu akigumia mgongoni mwake huku yeye ameshika usukani, na akastaafu mwaka 2006 akiwa na miaka 55. Tumemzika akiwa na miaka 73. Ameacha mke, watoto watano na wajukuu ambao hakuna hata mmoja asiyejua kufunga bandeji.

Nimekuwa nikiandika habari za watu wengine kwa muda mrefu, na kila nilipotaka kuandika yake alinikataza. Alisema hana hadithi. Nilichelewa kuelewa alikuwa na maana gani. Hadithi ina mwisho, naye kazi yake ilimpa mwanzo na katikati tu. Alimchukua mtu barabarani, akamshika mkono, akamzibia damu, akamfikisha Makadara kwenye Hospitali Kuu ya Pwani, akamkabidhi kwa wauguzi, akatia sahihi, akaosha machela, akaondoka. Mlango ule ulipofungwa, habari za mtu yule zilimkatikia. Labda ndiyo sababu nyumbani alikuwa na ulafi wa miisho. Ukimsimulia jambo la shuleni ukaliacha nusu, alikufuata mpaka jikoni. "Ehe, mwanangu, mwisho ikawaje?"

Anayeishi Likoni anajua kwamba kisiwa cha Mombasa unaweza kukiona kwa macho, ukasikia hata honi za magari yake, na bado kikawa mbali. Miaka ya kazi ya Baba, mgonjwa akitoka Msambweni au Ukunda au Lunga Lunga akipelekwa hospitali kubwa kisiwani, barabara iliishia majini na ilibidi apande feri. Gari la wagonjwa hupewa nafasi ya kwanza, lakini nafasi ya kwanza haina faida ikiwa feri yenyewe bado iko ng'ambo ikishusha watu. Baba alisema sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa kukimbia, ilikuwa kungoja. Na alikuwa na namna yake ya kungoja. Gari likishaingia ndani ya feri, alimwambia dereva azime king'ora. Hapo hakuna wa kupisha, kila mtu amebanwa, na ile sauti inamwongezea mgonjwa hofu na moyo kwenda mbio. Badala yake aliongea. Alimwuliza mgonjwa kwao ni wapi, nyumbani leo kumepikwa nini, nani amebaki na watoto. Watu waliomsikia walidhani ni maneno ya kupitisha wakati. Kumbe alikuwa akipima. Mtu anayekujibu kwa sentensi nzima, njia yake ya hewa iko wazi na ubongo wake unapata damu. Akianza kujibu neno mojamoja, kuna jambo. Akinyamaza, Baba alikuwa amekwisha kupiga magoti.

Watoto walizaliwa mle ndani. Wangapi, hakuhesabu. Mjamzito aliyecheleweshwa na njia mbovu, kisha akacheleweshwa na feri, hana la kusubiri tena. Baba alitufundisha mambo hayo mapema, wavulana na wasichana pamoja, jambo ambalo shangazi zangu hawakulipenda hata kidogo. Mtoto akitoka mpanguse, mweke juu ya kifua cha mamake, ngozi kwa ngozi, kisha wafunike wote wawili, kwa sababu baridi humwua mtoto mchanga upesi kuliko unavyodhani. Kitovu usikivute. Kondo la nyuma litakuja lenyewe. Damu ikizidi, sugua tumbo la mama chini ya kitovu mpaka ulisikie limekaza kama embe bichi. Haya niliyajua kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili.

Na walifunikwa kwa nini? Kwa leso za Mama.

Hapa lazima nikae kidogo. Anayezivaa anajua kwamba leso huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, doti moja, jina moja, ua moja. Ukifika nyumbani unakata katikati na kupinda, kisha moja unajifunga na moja unajitanda. Mama alipoona jinsi mwajiri wa Baba, ambaye sitamtaja, anavyolituma gari barabarani na shuka moja iliyochakaa, na kuna wiki halina hata chupa ya oksijeni, alianza kumpa leso. Hakumpa kuukuu. Katika kila doti aliyonunua, moja alibaki nayo nyumbani na moja ikaingia garini.

Leso ile ilifanya kila kazi. Ilikunjwa pembe tatu ikawa tanzi la kubebea mkono uliovunjika. Ilikunjwakunjwa ikawa donge la kukandamizia jeraha. Iliviringishwa ikawekwa pande mbili za shingo isitikisike. Miti miwili na leso mbili ni machela, na mara nyingi Kwale ya ndani, gari lisikofika, hapakuwa na machela nyingine. Lakini kazi ambayo Baba aliipa uzito kuliko zote ni kusitiri. Mwanamke aliyegongwa na matatu, nguo zimeraruka, watu wamemzunguka wanatazama, huyo kabla hujamgusa mshipa mtupie leso. Alisema amewaona watu walioumia vibaya wakipoteza nguvu zao za mwisho kwa kujivutavuta nguo. Ukimsitiri, anatulia, na akitulia hata damu inakwenda taratibu.

Zilikwenda na wagonjwa na hazikurudi. Nani atadai leso yenye damu kwenye mlango wa hospitali?

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku, ameshaoga, amelala. Tulisikia mayowe kabla ya kusikia habari. Feri ya Mtongwe ilikuwa imepinduka mita chache kutoka ufukweni, ikiwa na abiria zaidi ya 400, wengi wao wakienda kazini kisiwani. Watu 272 walikufa. Mtongwe si mbali na kwetu. Wengine walikuwa majirani, wengine wateja wa Mama wa vitambaa vya meza.

Baba aliondoka kwa baiskeli ya jirani, miguu peku, na leso mbili begani. Hakuwa na gari, hakuwa na kifaa. Alichokuwa nacho ni kujua jambo moja ambalo watu wengi pale ufukweni hawakulijua. Waliotolewa majini walikuwa wakiinuliwa miguu juu kichwa chini, wakikamuliwa matumbo ili maji yatoke. Ndivyo watu walivyodhani, na mpaka leo wengi hudhani hivyo. Lakini aliyezama hajauawa na maji ya tumboni, amekosa hewa, na kila dakika inayotumika kumkamua ni dakika anayonyimwa pumzi. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni. Wengine walimsikia.

Kwa miaka mingi alitusimulia habari za mtu mmoja tu wa siku ile. Kijana wa kiume, shati la kazi la bluu, kalamu bado imo mfukoni. Alimpulizia, akamkandamiza kifua, akampulizia, hakumbuki muda gani. Kisha kijana akakohoa na kutapika juu ya leso. Alikuja mtu na pikapu, wakampakia pamoja na wengine, pikapu ikaondoka. "Akakohoa," Baba alikuwa akisema, na hapo husita, "kisha wakaenda naye." Aliyekohoa ufukweni anaweza kufa wodini jioni ile ile, mapafu yakishaingia maji. Anaweza pia kuwa hai mpaka leo, babu wa watu. Baba hakujua kamwe. Wiki ile nzima Mama hakukanda unga.

Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa na watu 13 wakauawa, wakiwamo wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuwa wakiwalaki wageni mlangoni, Baba alikuwa huko pia. Juu ya hilo hakusema chochote, wala mimi sikuuliza.

Baada ya kustaafu, alipokuwa akizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine akifuatilia kiinua mgongo chake, nilimsomea jioni moja historia ambayo nilikuwa nimeipata kazini. Ni ya mji wa Pittsburgh, Marekani. Katika miaka ya 1960 mgonjwa wa dharura kule alibebwa na gari la polisi au gari la kubebea maiti, na aliyembeba hakujua kumtibu. Mwaka 1967, daktari Peter Safar, mmoja wa waliofanya utafiti uliotupa njia ya kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo, alishirikiana na wengine kuwafundisha vijana Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakihesabiwa kuwa ni watu wasiofaa kuajiriwa. Walifundishwa saa 300 na zaidi. Huduma yao iliitwa Freedom House, nao wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwao kumtibu mgonjwa gari likiwa linakwenda. Baadaye alikuja daktari mwanamke, Nancy Caroline, akawa mwalimu na msimamizi wao, akaandika kitabu cha mafunzo kilichosomwa na wahudumu wa dharura nchi nyingi. Miaka ya 1980 daktari huyo huyo alifanya kazi Nairobi na AMREF, upande wa madaktari wa ndege.

Baba aliinuka kitini. "Nairobi? Mimi nikiwa hapa garini?" Alifurahi mno, kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiowajua. Kozi zake yeye zilikuwa za siku chache chache za huduma ya kwanza, mengine aliyapata kwa kuwatazama wauguzi na kuuliza bila haya. Halafu likaja swali lake. "Wale vijana, mwisho wao ikawaje?"

Nilimwambia ukweli. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake wenyewe na Freedom House ikafungwa, na wengi wa wale waliokuwa wamefungua njia wakasukumwa nje. Mmoja wao, John Moon, alistahimili akapanda mpaka akawa naibu mkuu wa huduma ya dharura ya mji huo. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huyo mmoja vizuri. Lakini wale wengine, mwanangu?" Sikuwa na jibu, naye akakaa na hasira kwa ajili ya watu wa Pittsburgh ambao hakupata kuwaona, usiku ule na kesho yake.

Katiba mpya ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 aliniagiza nimletee nakala. Alikunja ukurasa mmoja tu, wenye Ibara ya 43, na akapigia mstari pale panaposema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Aliusoma kwa wazee wenzake barazani kama mtu asomaye barua ya mtoto wake aliye ng'ambo. Alikuwa amezungushwa mara nyingi mno na wagonjwa mikononi mwake, wakati mwingine kwa sababu ya amana ya pesa, wakati mwingine kwa sababu hapana kitanda. Basi mwaka 2015, redio iliposema kwamba kijana aliyegongwa na gari Nairobi amekaa ndani ya gari la wagonjwa kwa saa 18, akipelekwa hospitali hii na ile bila kupata kitanda cha wagonjwa mahututi, mpaka akafa, sisi sote tulimsikitikia marehemu na mkewe. Baba aliwasikitikia pia. Lakini baadaye nilimkuta uani peke yake, na alichoniuliza ni hiki: "Na yule mhudumu aliyekuwa naye nyuma, saa zote kumi na nane? Amekula? Kuna mtu nyumbani wa kumtazama usoni?" Sijasoma tahariri iliyouliza hivyo.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwafundisha wanabodaboda wa stendi yetu. Alisema kila ajali ambayo gari la wagonjwa huifikia, mwanabodaboda ameshafika zamani. Basi anayestahili kufundishwa ni yeye. Kila Jumamosi jioni walikaa kwenye mkeka barazani petu, vijana wenye mikono ya grisi, wakikandamiza mto wa Mama kwa zamu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, viwiko vimenyooka. Mama alilalamika juu ya mto wake, halafu akawapikia chai ya tangawizi. Aliwafundisha wasimvute majeruhi kwa mikono, wasimvue helmeti kwa papara, wamshike kichwa na shingo viende pamoja na mwili. Na sheria yake kuu ilikuwa moja, ambayo nilikuwa nikiisikia tangu nikiwa mtoto tunapohamisha kabati: hakuna kuinua kitu bila kuhesabu. Mmoja anahesabu, wote wanainua kwenye tatu.

Alipougua yeye ilikuwa usiku, presha, upande mmoja wa mwili umelegea. Kaka yangu alipiga simu na gari likaja, na ndani yake walikuwamo vijana wawili, mmoja wao msichana. Baba maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. Hata hivyo yule msichana alipoinama kushika machela kwa mgongo, alimgusa goti kwa mkono wake mzima, akimwonyesha ainamie huko. Msichana alielewa. "Ndiyo, Babu," akasema, akakunja magoti. Mama alikuja mbio kutoka chumbani na leso, mpya, ya zambarau yenye maua ya mkorosho, akamfunika mumewe mpaka kidevuni. Walipofika kwenye feri, kaka anasema, yule msichana alizima king'ora mwenyewe. Alianza kumwuliza nyumbani leo kumepikwa nini.

Alikaa wodini siku tatu. Siku hizo mwisho wa hadithi tuliujua sisi, dakika kwa dakika, na nakiri kwamba nilitamani kutoujua.

Wanawake kwetu hatuendi makaburini. Tulibaki ndani na Mama, tukisikia tu. Jeneza lilipofikishwa mlangoni sauti za dhikri zilipungua kidogo, na katikati yake nikasikia sauti ya kijana, ya chini, karibu ya aibu: moja, mbili, tatu. Kaka aliniambia baadaye kwamba ni wanabodaboda, hawakujua kuinua kwa namna nyingine.

Watu walijaa siku zile za matanga, majirani, wazee wa msikiti, wafanyakazi wenzake wa zamani waliobaki. Mimi nilikuwa nikitazama mlango. Nilitaraji, kama mtoto, kwamba atatokea mtu mzima aliyezaliwa kwenye feri, au mwanamume mwenye kalamu mfukoni. Hakuja mgonjwa hata mmoja. Wangekujaje? Anayebebwa huwa amefumba macho, au anatazama paa la gari, au anatazama uchungu wake. Humkumbuka daktari aliyemwamkia asubuhi. Sura ya aliyemshikia dripu gizani haipo kichwani mwake, na jina hakupata kulisikia.

Mama yuko edani. Wiki iliyopita aliniomba nimfungulie sanduku lake la mvule nizipunge hewa nguo zilizomo. Nilizikuta leso, zimekunjwa vizuri, zina udi, na nilipozipanga kitandani nikaona ninazitafutia wenzao na siwapati. Moja moja, zote. Nilihesabu 41. Mama alikuwa akizitazama kutoka kwenye mkeka wake, akinionyesha kwa kidole. Ile ya kijani mwenzake alikwenda na mama wa pacha wa Diani. Ile nyekundu, mwalimu aliyegongwa Ng'ombeni. Ile ya rangi ya machungwa, kijana wa Mtongwe.

Juu kabisa ilikuwa ya zambarau, na hiyo ilikuwa mbili. Hospitali ilikuwa imetukabidhi ile moja ndani ya mfuko wa karatasi, pamoja na kanzu na saa yake. Ndiyo pekee iliyowahi kurudi. Mama ameifua kwa mkono wake, ameikausha kivulini isipauke.

Jioni ile yule msichana wa gari alikuja kutupa mkono wa pole, bado yumo ndani ya sare, amepitia kwetu akingoja zamu ianze. Alivua viatu barazani. Alikaa na Mama, wakazungumza kidogo, chai akanywa nusu kwa sababu simu yake ilikuwa ikiita. Aliposimama, Mama aliniambia nimpe leso moja ya zambarau. Msichana alisema, "Bibi, hii si ya Babu?"

"Ya gari hiyo," Mama akamjibu. "Moja nitabaki nayo mimi."